Sura ya Tano: Tundu, Zumu na Miguu Yako

Kwenye sanduku la lenzi mna namba mbili, na muuzaji hukusomea moja tu. "Hii ni 18 mpaka 200, ndugu yangu, hutahitaji nyingine," atakwambia, huku kidole chake kikiyapita maandishi madogo ya f/3.5–5.6 kana kwamba ni namba ya kiwanda. Namba ya kwanza hujiuza yenyewe. Mnunuzi huielekeza kamera nje ya mlango wa duka mchana kweupe, huvuta, akaona uso wa mtu aliye ng'ambo ya barabara umejaa kwenye kioo, na mkono ukaingia mfukoni bila kutumwa. Namba ya pili haionekani mchana. Huonekana siku ya kwanza anapoingia na lenzi hiyo kwenye hema la harusi Mjambere, saa tatu za usiku, taa za zambarau zinazunguka, na kila aliyekuwa akicheza ametoka kwenye picha kama moshi.

Sura hii ni ya mtu huyo, kabla hajalipa.

Mjambere ni mojawapo ya wadi saba za eneo bunge la Kisauni, upande wa bara wa Mombasa. Ushauri mwingi wa lenzi tunaousoma umeandikwa kwa mtu anayemfuata simba Maasai Mara: yumo ndani ya gari, juani, na haruhusiwi kushuka. Mtu huyo zumu ndefu ni haki yake. Lakini anayeishi kwa kamera Kisauni hafuati simba. Anafuata harusi, maulidi, mahafali ya madrasa, siku za kuzaliwa, na mara mojamoja mechi ya mtaani. Kazi yake kubwa huanza jua likishazama, na huku kwetu, nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, jua huzama mwaka mzima baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, kisha giza huja kwa haraka. Hakuna ile jioni ndefu ya Ulaya ambamo mpiga picha huvuta muda hadi saa nne za usiku kukiwa bado kweupe. Ukichelewa kupiga familia ya bwana harusi nje, umechelewa.

Basi tuanze na tundu, kwa sababu ndilo linaloamua kazi za usiku.

Ndani ya kila lenzi mna vipande vyembamba vinavyofunguka na kufunga, na katikati yake ndimo mwanga unamopita kwenda kwenye sensa. Namba ya f hupatikana kwa kuugawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu hilo. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la milimita 28 hivi. Kwa kuwa tundu ndilo linalogawia, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama wiki ya kwanza. Ngazi zenyewe ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila ukipanda ngazi moja unapoteza nusu ya mwanga. Ukitoka f/2.8 hadi f/5.6 umebakiwa na robo. Ukitoka f/1.8 hadi f/5.6 umebakiwa na sehemu moja tu katika kumi, au karibu na hapo.

Sehemu moja katika kumi haionekani kuwa jambo kubwa mpaka uiweke hemani. Tuseme umo kwenye hema lililofungwa katikati ya uchochoro, kama yanavyofungwa mahema ya harusi Kisauni nzima, pembeni pana taa mbili tatu za LED na mapambo ya vitaa vidogo nyuma ya jukwaa. Umeweka ISO 3200, na lenzi yako ya zumu, ukiwa umeivuta hadi mwisho, imefika f/5.6. Kamera itakuomba shata ya sekunde 1/15. Mtu aliyesimama tuli utamnasa ukibana pumzi. Mtu anayecheza, anayecheka au anayegeuza kichwa kumwitikia shangazi yake, hutamnasa. Badilisha lenzi, weka f/2.8: sasa unapata 1/60, na mazungumzo yananaswa. Weka f/1.8: unapata 1/160, na hata mkono unaopiga makofi unaonekana ni mkono. Taa ni zilezile, ISO ni ileile, na fundi wa umeme hajaongeza kitu.

Kuna wanaojibu kwamba lenzi yao ina kitulizo cha mtikisiko, kwa hiyo 1/15 haiwatishi. Kitulizo hutuliza mkono wako wewe. Anayecheza chakacha hakimtulizi. Picha itatoka na jukwaa kali, viti vikali, mapazia makali, na bi harusi aliyefutika.

Wengine hupandisha ISO hadi 12800. Kamera za miaka ya karibuni zinastahimili zaidi kuliko za zamani, lakini kwenye kamera ndogo za bei ya chini, ambazo ndizo nyingi mitaani, chembechembe huingia kwanza kwenye vivuli, yaani kwenye ngozi zetu na kwenye mabuibui meusi, na mama wa bi harusi haulizi ISO ni nini. Anauliza kwa nini uso wa mwanawe una vumbi.

Na fleshi? Fleshi ni sura yake nzima, lakini hata yenyewe inalitegemea tundu. Fleshi iliyojengewa ndani ya kamera ndogo huwa na namba ya nguvu kati ya 9 na 13 kwa mita, ISO ikiwa 100. Tuchukue 12. Igawe kwa 5.6, utafika mita 2 na kidogo. Igawe kwa 2, utafika mita 6. Tundu kubwa huipa fleshi yako miguu mirefu na pia huacha mwanga wa ukumbi uingie, ili bi harusi asionekane amepigwa picha ndani ya pango. Halafu kuna hema lenyewe. Likiwa jeupe unaweza kuigeuza fleshi ya juu ikagonge paa na kurudi laini. Likiwa limevishwa vitambaa vyekundu na dhahabu, nyuso zote zitarudi na wekundu huo, na kanzu nyeupe ya bwana harusi nayo itageuka.

Jambo moja la taa za LED lisemwe hapa kwa sababu linawachanganya hata wazoefu. Umeme wa Kenya una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za bei rahisi humeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukiwa na tundu kubwa utatamani kupiga kwa 1/500 kwa kuwa unaweza, na utaikuta picha ina mistari ya giza na mwanga imeikata kati. Rudi 1/100, au 1/50 kama watu wametulia, na mistari hupungua au huondoka kabisa. Kwa hiyo chini ya taa hizo, ile nafasi uliyoinunua kwa f/1.8 iteremshie ISO badala ya kuikimbiza shata. Picha safi ya 1/100 ni bora kuliko picha ya 1/500 yenye milia ya punda.

Dunia ina mfano wake wa kupita kiasi. Stanley Kubrick, alipotengeneza filamu ya Barry Lyndon iliyotoka mwaka 1975, alitaka vyumba vinavyowashwa kwa mishumaa pekee. Alitumia lenzi za Zeiss za milimita 50 zenye f/0.7. Zeiss ilitengeneza kumi tu, sita zikaenda NASA kwa kazi za anga za juu, tatu zikamfikia yeye. Hazikuwa na zumu. Waigizaji walilazimika kukaa karibu tuli, maana kichwa kikisogea kidogo kilitoka kwenye fokasi. Hata kwa pesa za Hollywood, mwanga ulinunuliwa kwa kuuza uhuru mwingine.

Uhuru huo ndio zumu. Zumu inakuuzia miguu, nami sijaona njia bora ya kuipima lenzi yoyote kuliko kuuliza maswali mawili: mwanga uko kiasi gani, na nani anaamua nisimame wapi? Swali la pili watu hulisahau.

Zamani lilikuwa na jibu rahisi. Miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni walijenga vibanda karibu na feri na kuchora mandhari nyuma: meli, ndege, majumba. Mteja aliwekwa mbele ya mchoro, palepale mwenye kibanda alipotaka. Umbali ulikuwa wake, mwanga ulikuwa wake. Mtu wa namna hiyo hahitaji zumu hata kidogo. Mpiga picha wa Mjambere wa leo hana kibanda. Anaingia kwenye nyumba za watu, na kila shughuli ina mwenyewe anayemwambia asimame wapi.

Chukua siku ya kupamba. Ni shughuli ya wanawake, mpiga picha ni mwanamke, simu huzuiwa mlangoni, na mwenye shughuli atataka kujua kadi ya kumbukumbu italala kwa nani. Bi harusi ataketi jukwaani amepambwa dhahabu na asumini, hina imemfika kiwiko, na wageni watapanda mmoja mmoja kupiga naye picha. Hapa mpiga picha anatembea atakavyo. Atasogea hadi kwenye vidole vya hina, atarudi nyuma kupata jukwaa zima, atazunguka pembeni apate kikuku. Kizuizi chake ni kimoja: hao wakubwa walioketi mstari wa mbele.

"Mwanangu, hebu sogea, wamziba bi harusi."

"Samahani mamangu, moja tu ya mwisho."

"Ya mwisho ushaisema mara tatu."

Anasogea, anainama, anapiga kutoka chini. Ana miguu, kwa hiyo zumu ya 200 haimfai kitu. Anachokosa ni mwanga. Lenzi isiyovuta, yenye f/1.8, imeumbwa kwa usiku kama huu, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote: 50 mm f/1.8 STM ya Canon iliingia sokoni mwaka 2015 kwa takriban dola 130 za Marekani, na uzito wake ni gramu 160 hivi. Mtu anaweza kuishika usiku kucha bila bega kulalamika.

Lakini 50 ina tatizo ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kwa mbali, na kwetu ni la kila siku. Kamera nyingi za kuanzia zina sensa ndogo ya APS-C, ambayo kwa Canon hukata picha kwa mara 1.6. Lenzi ya 50 juu yake huona kama 80. Sasa ingia nayo kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ndicho chumba cha kupanga cha Mombasa na Kenya nzima. Bi harusi anavishwa, ameketi ukingoni mwa kitanda. Wewe umebana mgongo ukutani karibu na kabati, na baina yenu pana mita 2.3. Kwa umbali huo, lenzi ya 50 inaona upana wa mita 1 na sentimita chache tu. Bi harusi anatosha, kwa tabu. Somo wake aliyepiga magoti kumfunga kikuku amekatwa kichwa. Mama aliyesimama mlangoni, analia na hataki aonekane analia, hayumo kabisa, na picha hiyo ndiyo familia itakayoitafuta miaka ishirini ijayo. Lenzi ya 35 hapohapo inaona mita 1.47. Ya 24 inaona mita 2.1, na wote watatu wameingia. Ya 18, yaani upande mfupi wa ile zumu ya sanduku iliyokuja na kamera, inaona mita 2.85, pamoja na ndoo na chaja ya simu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji, na hata na baadhi ya walimu wa upigaji picha. Mnunuzi akiambiwa "masafa ya zumu" huiangalia namba kubwa: 135, 200, 250, 300. Mjambere namba kubwa haina kazi nyingi. Nyumba ni ndogo, chochoro ni nyembamba, hema linashikana na ukuta wa jirani. Masafa unayoyakosa ni ya upande mfupi. Mwenye 55–250 kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi ni sawa na aliyekuja bila kamera.

Msikitini mambo hugeuka. Nikaha inasomwa, bwana harusi na walii wameshikana mikono, sheikh yuko kati, na watu wameketi safu baada ya safu. Kwanza umeomba ruhusa, kwa kuwa si kila msikiti unapenda kamera. Ukipewa, umepewa mahali pamoja: kaa pale, karibu na nguzo, usimpite mtu mbele. Miguu yako imefungwa. Lakini mwanga ni mzuri, maana taa za msikiti ni nyeupe na nyingi, na wanaopigwa picha wametulia. Hapo f/5.6 na ISO 3200 hukupa 1/125 bila shida. Ukiwa mita 5 kutoka kwao, lenzi iliyovutwa hadi 135 inaona upana wa sentimita 83, kiasi cha mikono miwili iliyoshikana na nyuso mbili zilizoinama. Ni picha ya harusi nzima, na mwenye 50 peke yake hawezi kuipata isipokuwa aikate baadaye kwenye kompyuta na kupoteza pikseli nyingi mno. Zumu ya bei ya chini, iliyotukanwa kurasa mbili zilizopita, inajilipia hapa.

Mechi za mtaani na ufuo wa Pirates ni habari fupi. Jua la Mombasa saa nane mchana linakupa 1/1000 kwa f/5.6 na ISO 100 au 200 tu. Uwanjani huruhusiwi kumfuata mshambuliaji ndani, ufuoni anayeogelea yuko mbali. Lenzi kama 55–250 yenye f/4–5.6 inatosha kabisa, na anayekulazimisha ununue f/2.8 kwa kazi hiyo anataka pesa zako. Angalia saa tu. Mechi ikisogea hadi jua la kuzama utaanza kupanda ISO kila dakika tano, na ikifika adhana ya Magharibi umekwisha.

Sasa mtu atauliza: kwa nini basi hawatengenezi lenzi moja yenye vyote, 18 mpaka 200 na f/1.8? Jibu limo kwenye ule mgawanyo. Milimita 200 kwa f/2.8 inataka tundu la milimita 71. Glasi ya mbele lazima iwe pana zaidi ya hapo, na nyuma yake vipande vingine vingi vya kuondoa kasoro za rangi. Ndiyo maana Canon 70–200 f/2.8 ya mwaka 2010 ina uzito wa karibu kilo moja na nusu na ilizinduliwa kwa zaidi ya dola 2,000, ilhali dada yake wa f/4 asiye na kitulizo ana gramu 705. Ngazi moja ya mwanga, uzito mara mbili. Na zumu yenye masafa marefu ina maradhi mengine: vipande vya kioo vinavyopaswa kufanya kazi vizuri kwa 18 na kwa 200 hulazimika kuridhiana, na picha hulainika, hasa pembeni na hasa mwisho wa kuvuta.

Watengenezaji wamehangaika na jambo hili tangu Zoomar ya Voigtländer, 36–82 f/2.8, iliyotoka mwaka 1959 na kuwa zumu ya kwanza kwa kamera za picha za filamu ya milimita 35. Itazame ile namba: f/2.8, lakini masafa hayafiki mara mbili na nusu. Mwaka 1992 Tamron ikatoa 28–200, masafa mara saba, na tundu likapungua hadi f/3.8–5.6. Mwaka 2013 Sigma ikaenda upande wa pili kwa 18–35 f/1.8: mwanga mwingi ajabu, na masafa yasiyofika mara mbili. Miaka imepita, glasi zimeboreka, kompyuta zinachora lenzi, na bado ukiongeza huku unapunguza kule.

Ile alama ya f/3.5–5.6 nayo haielezwi madukani. Maana yake ni kwamba tundu hubadilika kulingana na masafa: mwanzoni mwa zumu una 3.5, mwishoni una 5.6. Ukiwa umeiweka kamera kwenye mfumo wa mkono, ukapiga jukwaa zima kwa 18, kisha ukauvuta uso wa bi harusi kwa 55, umepoteza zaidi ya nusu ya mwanga bila kugusa kitufe. Picha ya pili inatoka nyeusi na unailaumu kamera. Lenzi za f/2.8 isiyobadilika hazina mchezo huo: 2.8 mwanzo, 2.8 mwisho.

Hizo ndizo ninazoziona kuwa makao ya mpiga picha wa harusi wa Kisauni aliyekwisha kuanza kulipwa. Tamron ilileta 17–50 f/2.8 mwaka 2006, Sigma nayo 17–50 f/2.8 yenye kitulizo mwaka 2010, zote kwa kamera za sensa ndogo, na leo zimejaa sokoni zikiwa mitumba. Upande wa 17 unaingia kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi. Upande wa 50 unampata bi harusi jukwaani. Mwanga ni mara nne ya ule wa f/5.6. Msikitini utapungukiwa, nakubali. Hapo utavaa ile zumu ya bei ya chini kwa dakika ishirini kisha uirudishe kwenye mkoba.

Mtumba uukague kwa tochi. Unyevu wa pwani na kabati lisilopitisha hewa hukuza ukungu ndani ya kioo. Ukimulika kwa ubavu utauona kama nyuzi za buibui. Lenzi ya namna hiyo usiinunue hata kwa nusu bei, maana ukungu huendelea kukua na fundi wa kuifungua vizuri si rahisi kumpata. Funga tundu hadi f/16, uangalie vipande kama vina mafuta au vinakwama. Vuta zumu mara kadhaa, usikilize mchanga. Lenzi ikishakuwa yako, ihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, uvikaushe au uvibadilishe mara kwa mara.

Onyo moja kwa waliokwisha kupenda f/1.8. Mita 2 kutoka kwa bi harusi, na lenzi ya 50 kwenye sensa ndogo, kina cha fokasi ni sentimita 11 hivi. Jicho la karibu kali, sikio tayari linalainika. Kwa mtu mmoja ni picha ya kupendeza. Kwa picha ya ukoo, bibi wameketi mbele, wajomba wamesimama nyuma, ni msiba: safu ya nyuma yote itatoka ukungu, na kila mjomba atajitafuta. Picha za ukoo zipige f/5.6 au f/8, washa fleshi, na zipige mapema kabla hema halijazimwa taa kubwa. Tundu kubwa ni uwezo ulioulipia. Hulazimiki kuutumia kila dakika.

Na wanaosema simu zao zina f/1.8 pia: ni kweli, lakini lenzi ya simu ina urefu wa milimita chache tu, kwa hiyo tundu lake ni milimita 3 au 4 dhidi ya 28 za ile lenzi ya 50, na sensa nyuma yake ni ndogo kama ukucha. Mwanga mwingine programu ya simu huupata kwa kuunganisha picha kadhaa, kazi inayofaulu kwa chakula na kushindwa kwa anayecheza.

Hukumu yangu, basi, kwa mwenye kamera ya APS-C, lenzi ya sandukuni ya 18–55, na pesa za kununua kitu kimoja. Kama kazi yako ni harusi na shughuli za usiku Kisauni, nunua lenzi isiyovuta ya 35 yenye f/1.8 au f/2. Kama kampuni ya kamera yako ina 24 kwa bei unayoiweza, hata f/2.8, ifikirie kwa ajili ya vyumba. Kama tayari unalipwa kila wiki, ruka hatua hiyo uende moja kwa moja kwenye 17–50 f/2.8. Zumu ndefu inunue ukianza kuitwa misikitini na viwanjani zaidi ya kumbini, na hapo f/5.6 haina aibu yoyote. Ile ya 18–200 mwachie msafiri anayetaka kubeba kitu kimoja shingoni juani. Na kwa kuwa harusi nyingi hukimbizwa kabla ya Ramadhani, itafute lenzi yako miezi miwili kabla, uizoee kwanza usiku nyumbani kwa taa moja ya sebuleni, ukiwapiga watoto wakicheza, ndipo uipeleke kwenye shughuli ya mtu.